Swali Kabla ya Jibu: Shaka, Yakini na Kuwapo kwa Mungu katika Riwaya za Euphrase Kezilahabi

IKISIRI

Uhakiki wa riwaya za Euphrase Kezilahabi umezoea kuuliza kama mwandishi huyu anaamini kuwapo kwa Mungu au anakana. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa, limekwisha kulibana jibu. Kwa kutofautisha kile ambacho mtu anakiamini na namna anavyokishika, makala yanazisoma riwaya nne: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Nagona (1990) na Mzingile (1991). Inaoneshwa kwamba Kazimoto, ambaye huchukuliwa kuwa kielelezo cha mtu mwenye shaka, ni mtu wa yakini. Na kwamba shaka yenye uhai inapatikana kwa msimulizi wa Mzingile, anayepewa ujumbe wa kumpelekea mzee Kakulu. Mwishoni makala yanajadili gharama ambayo uwazi huo wa fikra umeitoza sanaa ya Kezilahabi.

1.0 Utangulizi

Katika semina moja ya fasihi ya Kiswahili, baada ya wanafunzi kumaliza kuwasilisha kazi zao kuhusu Kichwamaji, mmoja wao alinyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, huyu mwandishi anaamini au haamini?" Darasa lilicheka, lakini muulizaji hakuwa akitania. Alieleza kwamba yeye ni muumini, kwamba riwaya imemgusa kuliko alivyotarajia, na kwamba anataka kujua kama anaruhusiwa kuguswa nayo. Mwandishi wa makala haya ndiye aliyekuwa akiongoza semina hiyo. Jibu alilolitoa siku ile, kwamba Kezilahabi ni mdhanaishi na wadhanaishi wengi hukana kuwapo kwa Mungu, lilikuwa jibu la vitabuni. Halikumsaidia mwanafunzi yule na halikuitendea haki riwaya. Makala haya ni jaribio la kulijibu upya swali lake.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, akasoma katika seminari ya Kikatoliki kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985 kwa tasnifu inayohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, akafundisha pia katika Chuo Kikuu cha Botswana, na alifariki Januari 2020. Historia hii imewashawishi wasomaji wengi kuzisoma riwaya zake kama kumbukumbu za kijana aliyetoka seminari na kuipoteza imani. Usomaji huo una kishawishi chake, lakini unamgeuza mwandishi kuwa mshtakiwa, na riwaya kuwa ushahidi wa kumtia hatiani au kumwachia huru.

Wapo wahakiki walioliona jambo hili kwa mapana zaidi. Wamitila, katika makala yake ya mwaka 1991 kuhusu Nagona na Mzingile, aliweka metafizikia katikati ya mjadala. Rettová, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu falsafa zilizoandikwa kwa lugha za Kiafrika, aliipa fasihi ya Kiswahili nafasi ya kusomwa kama falsafa kamili. Makala haya yanafuata njia hiyo, lakini yanaongeza hoja moja: suala la kuwapo kwa Mungu katika riwaya hizi haliwezi kueleweka bila kwanza kuangalia jinsi wahusika wanavyoziuliza hoja zao, wanamuuliza nani, na kama wanasubiri kujibiwa.

2.0 Msingi wa Hoja: Imani na Namna ya Kuishika

Lugha ya Kiswahili ina msamiati wa kutosha wa kulijadili jambo hili. Tunasema imani, itikadi, dhana, shaka, wasiwasi na yakini. Maneno haya hayaelezi tu kile kinachoaminiwa. Yanaeleza hali ya moyo na akili ya anayeamini. Mtu anaweza kuwa na yakini kwamba Mungu yupo, na mwingine akawa na yakini ileile kwamba hayupo. Vivyo hivyo, muumini anaweza kuwa na shaka, na mkanamungu pia anaweza kuwa na shaka. Anayemwita kila asiyeamini "mwenye shaka" amechanganya mambo mawili yasiyofanana.

Tofauti hii ilipewa uzito na mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford mwaka 1877. Clifford alitoa mfano wa mwenye meli anayejua kwamba chombo chake kimechakaa, lakini anajituliza moyo hadi anaamini kwa dhati kuwa kitafika salama. Kinazama pamoja na abiria. Hoja ya Clifford ni kwamba mtu huyo ana hatia hata kama meli ingefika, kwa sababu kosa liko katika jinsi alivyoipata imani yake. Alihitimisha kwamba ni makosa kuamini jambo lolote bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 1896 Mmarekani William James alimjibu kwamba yapo maamuzi ambayo mtu hawezi kuyaahirisha hadi ushahidi ukamilike, na imani ya dini ni mojawapo. Asiyeamua, naye ameamua. Wawili hawa hawakubaliani kuhusu haki ya kuamini. Hata hivyo, wote wanaangalia mwenendo wa anayeamini, na si maudhui ya imani peke yake.

Afrika Mashariki ilikuwa na mjadala wake wenyewe wakati Kezilahabi anaanza kuandika. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba dini imepenya katika kila upande wa maisha ya Mwafrika wa jadi. Okot p'Bitek wa Uganda alipinga mtindo wa wasomi wa kuwavika miungu wa Kiafrika mavazi ya falsafa ya Kiyunani na teolojia ya Kikristo. Katika hoja zake yumo mfano mmoja unaostahili kukumbukwa. Mwaka 1911, mapadri Waitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na dhana ya kuumba kama walivyoielewa mapadri, swali liligeuka kuwa: ni nani anayewafinyanga? Mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima anaweza kupatwa na maradhi ya uti wa mgongo na kuwa na kibiongo, na anayemfinyanga hivyo ni Rubanga. Basi jina la mpinda migongo likachukuliwa kuwa jina la Mungu Muumba.

Wazee wale hawakudanganya, na mapadri walisikia jibu walilopewa. Kilichokosekana ni nafasi ndani ya swali. Muulizaji alikuwa na yakini kwamba lazima pawe na jibu la aina anayoitafuta. Mfano huu ndio ufunguo wa usomaji unaofuata, kwani wahusika wa Kezilahabi nao, na sisi wahakiki wao, mara nyingi tunauliza kwa namna hiyohiyo.

3.0 Rosa Mistika: Mungu Aliyeketi Barazani

Rosa Mistika haitahitaji maelezo marefu hapa. Riwaya hii, ambayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, inamfuata msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba, akakosa maarifa ya kuukabili ulimwengu nje ya nyumba yao, na hatimaye akajiua. Jina lake limetoka katika litania ya Bikira Maria, na kejeli ya jina hilo inaongezeka kadiri maisha yake yanavyoharibika.

Jambo linalotuhusu ni mwisho wake. Baada ya mauti, riwaya inatupeleka ahera, mbele ya Mungu, ambako linaulizwa suala la nani abebe lawama ya maisha ya Rosa. Hapa kuwapo kwa Mungu hakuna ubishi: yupo na anasikiliza. Kwa mtazamo wa haraka hii ndiyo riwaya ya Kezilahabi iliyo karibu zaidi na yakini ya katekisimu. Hata hivyo, ndani ya yakini hiyo mna swali lililo wazi kuliko mengi yatakayofuata. Wanadamu wanapewa nafasi ya kuzungumza na Mungu, na maneno yao yanaweza kubadili jinsi msomaji anavyomtazama baba, binti, na hata hakimu mwenyewe. Imani thabiti imeacha nafasi ya malumbano. Tutaona kwamba nafasi hii inafungwa katika riwaya inayofuata, ingawa ndiyo inayosifiwa kwa uhuru wa fikra.

4.0 Kichwamaji: Yakini Iliyojiita Shaka

Kichwamaji inafunguliwa kwa Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, akisubiri katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mkuu huyo ni Manase, waliyesoma pamoja. Kusubirishwa huko kunamchoma, na tangu hapo msomaji anaona dunia kupitia jicho la mtu aliyejeruhiwa. Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, na mama yao pia anakufa. Baadaye Manase anapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Balaa hilo linapoigusa nyumba ya Kazimoto mwenyewe, aliyemwoa Sabina, dada yake Manase, anajiua.

Katika mtiririko huu Kazimoto na vijana wenzake wasomi wanajadili kama Mungu yupo, kama anajali, na kama maisha yana maana. Uhakiki umeyachukua mazungumzo haya kuwa kilele cha shaka ya kidhanaishi katika riwaya ya Kiswahili. Makala haya yanakubali kwamba mazungumzo hayo yalikuwa jambo jipya na la ujasiri kwa wakati wake. Yanachokipinga ni kuyaita shaka.

Sababu ya kwanza iko katika usimulizi. Riwaya inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na kila sauti inayoamini inatufikia baada ya kupita kwa Kazimoto. Wazee wa kijiji, wenye hofu yao ya uchawi na desturi zao, wanaonekana wakiwa wamekwisha kuhukumiwa. Msimulizi hawaulizi wanaamini nini hasa, wala imani hiyo inawasaidiaje kubeba misiba ambayo yeye imemshinda kuibeba. Kijana aliyetoka Dar es Salaam anawaendea wazee kama mapadri wa Kiitaliano walivyowaendea Waacholi, akiwa na jibu ndani ya swali. Tofauti ni kwamba mapadri walitafuta Muumba, naye anatafuta ushahidi kwamba hakuna.

Sababu ya pili inahusu hoja yenyewe. Kazimoto anaanza na mateso: dada, mama, mtoto. Hii ni hoja nzito, na hakuna muumini mwaminifu anayeweza kuipuuza. Lakini mateso yaleyale yaliwahi kumpata Ayubu, naye hakunyamaza. Alilalamika, akadai ajibiwe. Ayubu analalamika kwa Mungu. Kazimoto analalamika juu ya Mungu, mbele ya marafiki, na hoja yake inaishia kwenye hukumu kwa sababu hakuna anayetarajiwa kuja kujitetea. Baraza lililofunguliwa mwishoni mwa Rosa Mistika limefungwa. Kesi inaendelea bila mshtakiwa, na hakimu ni mlalamikaji.

Kwa hiyo anguko la Kazimoto halitokani na wingi wa shaka. Shaka ingemwachia mlango: pengine mtoto wake asingekuwa kama alivyohofu maisha yote yatakuwa, pengine Sabina alikuwa na neno ambalo hakulisikia. Anajiua kwa sababu ana yakini. Amefikia mkataa kuhusu maana ya maisha, kama mwenye meli wa Clifford alivyofikia mkataa kuhusu chombo chake, na kwa njia inayofanana: kwa kuacha kupokea ushahidi wa upande wa pili. Hata jina la riwaya linaruhusu usomaji huu. Kichwamaji ni maradhi ya kichwa kilichojaa hadi hakiwezi tena kupokea kitu.

Inaweza kudaiwa kwamba usomaji huu unamwonea Kazimoto, kwamba unamtaka mfiwa awe na adabu ya mwanafalsafa. Pingamizi hili lina uzito. Mtu aliyezika mama na dada ana haki ya kupiga kelele bila kupima maneno. Lakini riwaya haimwoneshi Kazimoto kama mfiwa anayelia tu. Inamwonesha kama msomi anayetoa fundisho kutokana na kilio chake, na fundisho hilo ndilo ambalo uhakiki umelirithi. Kumhurumia mhusika hakutulazimishi kukubali kwamba amefikiri hadi mwisho.

5.0 Nagona na Mzingile: Mjumbe na Ujumbe Wake

Miaka 16 inatenganisha Kichwamaji na Nagona. Katika kipindi hicho mwandishi aliandika tasnifu yake ya uzamivu, na mtindo wa riwaya zake ukabadilika kabisa. Uhalisia umeachwa, mahali na wakati havishikiki. Katika Nagona msimulizi anaingia katika mji uliokufa, anakutana na wazee waliozama katika vitabu, na majina makubwa ya falsafa na sayansi ya Ulaya yanapita mbele yake. Katikati ya safari kuna paa, anayeonekana na kupotea. Paa huyu amefasiriwa kuwa ukweli unaowindwa bila kukamatwa. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba wasomaji wa vitabu mjini wamekaa, na msimulizi anatembea. Yakini imepewa mkao, na utafutaji umepewa mwendo.

Katika Mzingile suala la Mungu linarudi waziwazi zaidi. Jina la riwaya linamkumbusha msomaji mzingile-mwambiji, njia za kuzungukazunguka zinazompoteza mtu. Msimulizi anatumwa kumtafuta mzee aitwaye Kakulu, jina lenye mzizi wa Kibantu wa ukubwa na uzee, ili ampe habari kwamba mwanawe amekufa. Msomaji yeyote aliyelelewa katika mazingira ya Kikristo anaelewa mara moja ni habari gani hii na ni mwana gani. Mjumbe anamfikia mzee katika makazi duni, na habari haipokelewi kwa namna inayotarajiwa. Hakuna kiti cha enzi, hakuna radi.

Uhakiki unaouliza "yupo au hayupo" unapata shida hapa. Kakulu yupo, kwani mjumbe amemkuta. Lakini aliyepo hafanani na yule aliyethibitishwa na waumini, wala yule aliyekanushwa na Kazimoto. Wote wawili walikuwa na picha moja ya Mungu, mmoja akaitikia na mwingine akaikataa. Mzingile inaiondoa picha yenyewe. Msimulizi hatakiwi kuamua kama mzee anastahili kuwapo. Anatakiwa kufikisha ujumbe mgumu na kusikia kitakachosemwa. Kwa mara ya kwanza tangu Rosa Mistika, mwanadamu wa Kezilahabi anazungumza na Mungu badala ya kuzungumza juu yake.

Hapa ndipo uwazi wa fikra unapoonekana kwa maana yake kamili. Si kukaa katikati ya wabishani wawili bila kuegemea upande. Mjumbe amejifunga: ameacha alikokuwa, amebeba neno ambalo hakulitunga, na hawezi kulibadili kulingana na sura atakayoikuta. Kwa maana ya William James, ameamua bila kusubiri ushahidi ukamilike. Kwa maana ya Clifford, hajajidanganya kuhusu hali ya chombo anachosafiria. Hata baada ya maangamizi makubwa kuiharibu dunia ya riwaya, safari haimaliziki kwa hukumu, bali kwa uwezekano wa mwanzo mpya wa maisha. Kazimoto, aliyeona mabaya machache zaidi, hakuuona uwezekano huo.

6.0 Gharama ya Uwazi

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mwandishi amekomaa kutoka yakini hadi uwazi, na kwamba Mzingile ni bora kuliko Kichwamaji. Makala haya hayafiki huko, kwa sababu mbili.

Kwanza, uwazi wa Mzingile umepatikana kwa kuuondoa umma. Msimulizi anakutana na Kakulu katika ulimwengu mtupu, usio na jirani, mke, shemeji wala mzee wa kijiji wa kumwambia "hapana, umekosea". Kazimoto alikuwa amefungwa akili, lakini alikuwa miongoni mwa watu. Ni rahisi zaidi kuliacha swali la Mungu wazi pale ambapo hakuna msiba wa kuzika kesho asubuhi na hakuna mtoto anayeuliza kama bibi yake ameenda mbinguni. Mtihani wa fikra iliyo wazi ni kubaki wazi mbele ya mtu anayekupinga na ambaye huna budi kula naye. Mtihani huo Kezilahabi hakuuandika. Katika Kichwamaji mpinzani hapewi sauti, na katika Mzingile mpinzani hayupo.

Pili, si kila yakini ni kufungwa kwa akili. Katika miaka hiyohiyo Abdilatif Abdalla alikuwa gerezani nchini Kenya kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa wa mwaka 1968, na mashairi aliyoyatunga huko yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Shairi lake la "Siwati" ni tamko la mtu anayekataa kuuacha msimamo wake chini ya mateso. Kumwambia mfungwa huyo awe na fikra iliyo wazi zaidi kuhusu madai ya wanaomfunga kungekuwa dhihaka. Lakini katika mkusanyiko uleule mna mashairi ya majibizano, ambamo pande mbili zinapewa nafasi ya kusema. Mtu mmoja aliweza kuwa imara katika analolishika na bado akaandika hoja ya mpinzani wake kwa nguvu zake zote.

Mapokeo haya ya malumbano yanatuonesha kitu ambacho riwaya za Kezilahabi zimekikosa. Hata mwanazuoni wa Kiislamu wa pwani, baada ya kutoa fatwa yake kwa uthabiti, huimalizia kwa kukiri kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Maneno hayo yanaweza kusemwa kwa mazoea tu. Yakisemwa kwa dhati, yanabeba yakini na shaka kwa pamoja: yakini kwamba yupo ajuaye, na shaka kwamba msemaji ndiye aliyekwisha kujua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba njia ya Kezilahabi kutoka mwaka 1971 hadi 1991 haikuwa mteremko mnyoofu kutoka imani hadi ukanamungu. Rosa Mistika ina Mungu asiyetiliwa shaka na bado inafungua mjadala mbele yake. Kichwamaji inatangaza shaka na kuufunga mjadala. Nagona na Mzingile zinaurejesha mjadala, kwa gharama ya kuwaondoa watu wengine chumbani. Mhakiki anayepima riwaya hizi kwa kigezo cha kuamini au kutoamini peke yake atayapita mabadiliko haya bila kuyaona.

Yafaa utafiti zaidi ufanywe kuhusu sauti za wahusika waumini katika riwaya ya Kiswahili, hasa wanawake na wazee, ambao mara nyingi imani yao inasawiriwa kama mazingira tu na si kama fikra. Mama yake Kazimoto, kwa mfano, anakufa kabla msomaji hajajua alimwomba nani na aliomba nini.

Kuhusu mwanafunzi aliyeuliza swali lake katika semina, jibu lililostahili kutolewa siku ile ni kwamba hakuhitaji ruhusa. Riwaya ilimgusa muumini kwa sababu inauliza maswali ambayo muumini pia anayo, na alikuwa na haki ya kumbishia Kazimoto pale ambapo Kazimoto aliacha kusikiliza. Kama Mwandishi wa Kichwamaji aliamini au hakuamini siku alipokuwa akiandika, jambo hilo lilikuwa baina yake na huyo ambaye miaka 17 baadaye alimtumia mjumbe.